Uzi: Likizo ya mwezi wa sita, familia nzima ndani ya gari, barabara ya Dar–Mbeya

Mzazi Barabarani

Wakuu, habari za leo.

Likizo ya mwezi wa sita inakaribia na maswali yameshaanza: watoto tuwapeleke wapi? Majibu huwa yale yale kila mwaka. Zanzibar kwa mwenye nazo, kijijini kwa bibi kwa wengine, Serengeti ikibaki ya kuangalia kwenye kalenda ya ukutani. Mimi nataka niitetee safari moja ambayo familia yenye gari la kawaida inaweza kuimudu: kushika barabara ya Morogoro na kwenda nayo taratibu mpaka Iringa, na mwenye muda na mafuta aendelee mpaka Rungwe.

Najua wengi mnaijua hiyo barabara. Mnaijua kama njia ya msibani au harusini. Mnaondoka Dar saa kumi alfajiri, dereva anakanyaga mafuta, usiku mko Mbeya, kilomita zaidi ya 800 zimeisha. Mtoto aliyesafiri namna hiyo amepita katikati ya hifadhi ya taifa, amepita mahali Wahehe walipolipiga jeshi la Wajerumani, amepita karibu na zana za mawe za maelfu kwa maelfu ya miaka, na vyote amevipita amelala mdomo wazi. Hilo linaniuma. Tunalipa ada za shule watoto wasome vita vya Lugalo kwenye kitabu, halafu tunawapitisha Lugalo penyewe kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa bila hata kuwaamsha.

Kanuni yangu ni moja: mkiwa na watoto, msikae barabarani zaidi ya saa nne au tano kwa siku. Ukiikubali hiyo, ratiba inajipanga yenyewe. Siku ya kwanza mnalala Mikumi, ni kama kilomita 300 kutoka Dar, na foleni ya Kibaha mmeikwepa kwa kutoka mapema. Siku inayofuata ni hifadhi tupu, hakuna kusafiri. Kisha Iringa, kama kilomita 200 mbele, na hapo Iringa msikae chini ya siku mbili.

Kuhusu Mikumi. Hifadhi ilianzishwa 1964 na ina kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu inapita ndani yake kwa takriban kilomita 50, kwa hiyo hata asiyelipa kiingilio anaona swala, pundamilia, nyani, na mara nyingi twiga na tembo. Ndiyo maana watu husema "Mikumi nimeshaiona." Hapana, hujaiona. Ukiingia getini Kikoboga ukafika bwawa la viboko asubuhi, kisha ukazunguka uwanda wa Mkata, hiyo ni habari nyingine kabisa. Pale bwawani zimeni injini. Watoto watalalamika kidogo kwamba hawaoni kitu. Subirini. Kiboko atatoa masikio kwanza, atayapepesa maji yaruke, ndipo macho yatokee, na mtoto aliyekuwa analalamika ndiye atakayekuwa wa mwisho kukubali muondoke.

Kiangazi, njia kuu za Mkata zinapitika hata kwa gari dogo lililo imara, lakini ulizeni getini asubuhi hiyo hiyo kabla ya kuingia. Malipo ni kwa namba ya malipo, simu au kadi, hawapokei fedha taslimu. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi.

Iringa nitaiandika kwenye mchango unaofuata, maana ndiyo roho ya safari yenyewe.

Mama Watatu

Asante sana ndugu kwa uzi huu, umenijia wakati muafaka. Mimi nina watatu, mkubwa ana kumi na mmoja, wa kati saba, wa mwisho minne. Baba yao amekubali safari lakini ana wasiwasi na mambo mawili. La kwanza, wa kati anatapika kwenye gari, hata Bagamoyo hatufiki salama. La pili, choo. Huyu wa miaka minne akisema anataka, anataka sasa hivi. Njia hiyo ikoje?

Mzazi Barabarani

Dada, hayo ndiyo maswali ya maana kuliko ya hoteli.

Kutapika: mkalishe mahali anapoona barabara mbele, siyo dirisha la pembeni tu. Simu na tableti marufuku kwake gari likiwa linatembea, kichwa kikiinama kwenye kioo cha simu ndipo tumbo linapogeuka. Asile chips na soda kabla ya kuondoka, mpe mkate mkavu au kiazi kitamu, na tangawizi kidogo kwenye chai husaidia. Dawa za kichefuchefu zipo, ila kwa mtoto muulize mfamasia kwanza. Sehemu itakayomsumbua kuliko zote ni mlima Kitonga, kwa zile kona. Simameni Ruaha Mbuyuni kabla ya kuanza kupanda, ashuke, anywe maji, apigwe na upepo. Pale mtaona vitunguu vimepangwa pembeni kwa mafungu na kwa mifuko. Msinunue wakati wa kwenda, mtakaa na harufu gari zima mpaka Iringa. Nunueni mkirudi.

Choo: vituo vya mafuta vikubwa na migahawa ya mabasi vipo Chalinze, Morogoro, Mikumi mjini na Ilula. Kati ya hapo bebeni kipoti cha mtoto, maji ya kunawa na mifuko. Neno moja tu la kusisitiza: ndani ya zile kilomita 50 za hifadhi mtoto hashuki kwenye gari kujisaidia, hata pakionekana patupu. Nyasi za Mikumi zinaficha nyati mzima. Kwa hiyo wote waende chooni kabla ya kuingia eneo la hifadhi, wanaotaka na wasiotaka.

Fundi Gereji

Naomba niongezee upande wa gari maana naona watu hupanga chakula na nguo wakasahau kinachowabeba.

Wiki moja kabla, siyo usiku wa kuamkia safari, peleka gari likaguliwe. Breki mbele na nyuma, oili ya breki, mipira ya rejeta, feni, mkanda, na tairi zote pamoja na la spea. Wengi wana spea isiyo na upepo. Jeki na spana ya magurudumu viwepo, na hakikisha unajua jeki inakaa wapi kwenye fremu ya gari lako. Pembetatu mbili za kuakisi mwanga na kizima moto, trafiki atakuuliza.

Kitonga wakati wa kupanda, familia ya watu watano na mizigo kwenye gari la cc 1300 lazima injini ipate joto. Zima kiyoyozi, tumia gia ndogo, jicho lako liwe kwenye geji ya joto. Likipanda, tafuta sehemu pana usimame, usifungue mfuniko wa rejeta likiwa la moto. Maji yale yanaruka na kuunguza uso, nimeona.

Kurudi ndiko kubaya zaidi. Kushuka watu wanatoa gia ili waokoe mafuta. Usithubutu. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia, gari lishikwe na injini, breki uiguse kwa vipindi. Ukikanyaga breki mfululizo toka juu mpaka chini zinapata moto na zinaacha kushika. Na usiyapite malori kwenye kona kwa sababu tu dereva wa lori kakuwashia indiketa. Yeye haoni yote unayofikiri anayaona.

Mtu wa Pwani

Mkuu mleta uzi, nakuheshimu, lakini mimi sijashawishika. Mikumi sawa, kuna wanyama. Ila Iringa? Isimila ni makorongo ya udongo na mawe, Kalenga ni makumbusho ya chumba kimoja. Mtoto wa siku hizi utamwambia nini mbele ya jiwe? Kwa gharama ya mafuta na malazi hayo si bora wiki nzima ufukweni, waogelee wafurahi?

Mzazi Barabarani

Ndugu yangu wa Pwani, bahari ni nzuri na watoto waipate. Lakini hapo kwenye Isimila nakukatalia kwa moyo wangu wote.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, barabara hiyo hiyo ya Mbeya. Zana zake zilianza kutambuliwa 1951, na uchimbaji mkubwa ukafanyika kuanzia 1957. Zamani pale palikuwa na ziwa dogo, watu wa kale wakija pembezoni mwake kuwinda na kuchuna nyama. Ziwa likakauka, mchanga ukafunika, mvua za miaka mingi zikachimba korongo, na zana zikajitokeza tena juu ya ardhi. Umri wake unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 200,000. Yameonekana pia mabaki ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, mwenye macho yaliyochomoza juu kabisa ya kichwa. Fikiria mtoto aliyetoka kumwona kiboko wa Mikumi jana yake, anaambiwa hapa aliishi binamu yake mkubwa zaidi. Anaunganisha mwenyewe, hakuna haja ya kumhubiria.

Unauliza nitamwambia nini mtoto mbele ya jiwe. Simwambii kitu. Mwongoza wageni anamwonyesha shoka la mkono, jiwe lililochongwa pande zote mbili likawa na umbo la tone la maji, ncha huku, kitako huku. Binti yangu aliposhikishwa moja alilipokea kwa mikono miwili kwa uzito wake, akaligeuzageuza, akatafuta penye kukaa kiganja. Akakipata. Kisha akauliza, "Aliyelitengeneza alikuwa anatumia mkono gani?" Sikuwa na jibu na mwongozaji naye akatabasamu tu. Hilo swali ufukweni asingeliuliza.

Na baada ya zana mnashuka kwenye nguzo. Ni nguzo za udongo zilizosimama zenyewe ndani ya korongo, ndefu kupita nyumba, zimechongwa na maji na upepo, nyingine zina kofia ya udongo mgumu juu. Nendeni asubuhi au alasiri jua likiwa limelala, rangi yake ni nyekundu inayokaribia chungwa. Valisheni viatu vya kufunga, siyo kandambili. Bebeni maji, mle korongoni hakuna upepo.

Mnyalukolo

Kamwene! Mimi ni mwenyeji wa Iringa na nimefurahi kuona mji wangu unatetewa na mgeni. Niruhusuni niseme kuhusu Kalenga maana huyo ndugu wa Pwani amesema ni chumba kimoja.

Ni kweli jengo ni dogo. Anzeni na Lugalo lakini, maana mkitoka Dar mnaifikia kabla ya mji, na mnara wa kumbukumbu uko karibu na barabara. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilivamiwa hapo na jeshi la Mkwawa, chifu wa Wahehe. Wao walikuwa na bunduki na mizinga, wetu wengi walikuwa na mikuki na ngao. Zelewski aliuawa pale pale na kikosi chake kikasambaratishwa. Mwambieni mtoto hayo akiwa amesimama mahali penyewe.

Wajerumani walirudi wamejipanga. Oktoba 1894 waliipiga kwa mizinga ngome ya Kalenga wakaiteka. Mkwawa akatoroka, akapigana vita vya msituni karibu miaka minne, na mwezi Julai 1898 alipoona wamemzingira alijiua kwa risasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kikakatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani.

Sasa hapa ndipo watoto wakubwa hufungua macho. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919, ule mkataba mkubwa wa dunia, uliweka ibara ya 246 ikiitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Halikurudi wakati huo. Lilirudi 1954, gavana wa Kiingereza Edward Twining akalikabidhi kwa Wahehe, na sasa liko Kalenga ndani ya sanduku la kioo. Kilomita kama 15 tu kutoka mjini. Muwe na adabu mle ndani, kwetu yule ni babu, siyo maonyesho. Vueni kofia, ongeeni taratibu, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha.

Jioni mpandeni Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji. Mji wote mnauona. Na jamani, bebeni masweta! Watu wa Dar wanakuja mwezi wa sita na fulana, saa moja jioni wanatetemeka.

Mama Watatu

Huyu wangu wa miaka kumi na mmoja nimemsomea hapo kwa Mkwawa, ameuliza kwa nini walichukua kichwa. Nimekosa la kumjibu vizuri.

Mnyalukolo

Mama, mwambie ukweli kwa kiwango chake. Walitaka ushahidi kwamba wamemmaliza, na walitaka watu wake wavunjike moyo. Mwambie pia kwamba watu wake hawakuacha kukidai. Anaelewa huyo, miaka kumi na mmoja si mdogo.

Mzazi Barabarani

Asante sana Mnyalukolo, umeandika vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Niseme kuhusu hifadhi ya Ruaha maana nimepata ujumbe wa pembeni kutoka kwa wawili watatu. Ruaha ni kubwa mno, kama kilomita za mraba 20,000 tangu bonde la Usangu lilipoongezwa 2008, na kuanzia mwezi wa sita ndipo inapoanza kupendeza, kwa sababu maji yanapungua na wanyama wanasogea mto Ruaha Mkuu. Kwenye mito ya mchanga tembo wanachimba kwa miguu na mkonga mpaka maji yatoke, na wanyama wengine wanakuja kunywa kwenye visima hivyo wakishaondoka. Mibuyu imejaa kila upande.

Lakini kwa familia yenye gari la chini na bajeti ya kuhesabu, ushauri wangu ni huu: chagueni hifadhi moja, na Mikumi inatosha. Ruaha iko kama kilomita 130 kutoka Iringa, sehemu kubwa ya njia hiyo tumeijua miaka yote kama ya vumbi na mitikisiko, ulizeni hali yake kabla. Mkiitaka sana, unganeni familia mbili mkodi gari la juu pamoja na dereva anayeijua hifadhi, mtoke Iringa usiku haujaisha. Msivae bluu iliyoiva wala nyeusi, mbung'o wanazipenda hizo rangi na wanauma juu ya nguo. Watoto wadogo mbung'o huwakatisha tamaa kuliko safari yenyewe.

Kama moyo unataka kitu cha pili baada ya Mikumi na si wanyama tena, kuna Udzungwa. Mnakata kushoto Mikumi mjini, mnapita Kidatu na mashamba ya miwa, kama kilomita 60 mpaka Mang'ula. Hifadhi hiyo ya 1992 haina barabara za magari ndani, yote ni kwa miguu na mwongozaji. Maporomoko ya Sanje yana mita 170 na njia yake inataka nusu siku na miguu yenye nguvu. Kwa watoto wadogo ombeni zile njia fupi za karibu na makao makuu. Kuna nyani wa Sanje, mbega wekundu wa Udzungwa, na vipepeo wasio na idadi. Wa miaka minne atabebwa mgongoni, mjiandae kwa hilo.

Dereva wa Masafa

Wakuu, mimi naendesha njia hiyo kwa kazi. Nyongeza mbili.

Mwendo. Kila penye kibao cha 50 ni 50 kweli, vijiji ni vingi na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo. Watu wanapigwa tochi kwenye kijiji chenye nyumba kumi, kwa sababu waliona barabara nyeupe wakaachia. Faini ni elfu thelathini kwa kosa na inaharibu siku ya familia bila sababu. Ndani ya hifadhi ya Mikumi fuateni vibao vilivyopo, matuta yapo kwa makusudi, na ukigonga mnyama kuna faini kubwa inayotegemea aina ya mnyama. Zaidi ya faini, twiga ukimgonga miguu anakuangukia juu ya kioo cha mbele. Hili si la kutishana.

La pili, msisafiri usiku. Lori limeharibika, dereva hana pembetatu, ameweka matawi barabarani, unayaona umeshafika. Saa kumi na moja jioni muwe mmeshafika mnapolala, familia ioge ile ipumzike.

Kijana wa Rungwe

Nimesubiri mtu afike kwetu naona mmeishia Iringa! Mwenye wiki nzima asogee mpaka Tukuyu, barabara ni lami yote.

Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira linafaa kwa umri wowote. Ni mwamba uliounganisha kingo mbili juu ya mto wenyewe bila mkono wa mtu. Asili yake ni volkano ya mlima Rungwe. Uji wa moto uliganda juu, maji yakaendelea kula chini. Kijungu hakiko mbali, hapo mto unaporomoka na kuzunguka ndani ya shimo la mwamba kabla ya kutokea upande wa pili. Kiko ndani ya eneo la chuo cha Magereza, kwa hiyo jitambulisheni getini, na watoto washikwe mkono muda wote. Miamba ina utelezi na hakuna uzio wa kuaminika.

Ziwa Ngozi ni la wanaoweza kupanda. Ni ziwa ndani ya kreta, unapita msitu mnene wenye migomba-mwitu, kupanda kunachukua saa moja hadi mbili kutegemea miguu. Chini ya miaka minane sishauri. Muanze asubuhi na mapema, mchana ukungu unafunga na utaona weupe tu. Chukueni mwongozaji wa kijiji. Na kwetu mvua haina likizo, hata Juni inanyesha, bebeni makoti.

Mwenye siku ya ziada ashuke Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Huko joto, milima ya Livingstone imesimama nyuma kama ukuta, watoto wanaogelea kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, na wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu. Ndugu wa Pwani atapata fukwe yake.

Mtu wa Pwani

Hapo kwenye Matema umenishika mkuu. Naanza kulegea.

Mwanamakete

Jamani, tahadhari kwa atakayeona picha za Kitulo mtandaoni zenye maua hadi upeo wa macho. Zile picha hupigwa wakati wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Kitulo ni hifadhi tangu 2005, iko juu karibu mita 2,600, na mwezi wa sita ni nyasi kavu na baridi inayouma mifupa. Asubuhi kuna sakitu juu ya majani. Ni pazuri kwa ukimya wake na anga lake, mimi napapenda wakati wote, ila ukiwaahidi watoto maua mwezi huo utakuwa umewadanganya. Wekeni Kitulo kwenye likizo ya Desemba.

Jirani wa Voi

Salamu kutoka Kenya. Nimefuata huu uzi na naona tunafanana sana. Sisi barabara ya Nairobi–Mombasa inapasua Tsavo katikati, Mashariki upande mmoja na Magharibi upande wa pili, na watu wanapita mbio kwenda Mombasa kila Agosti bila kuingia. Tsavo ilitangazwa 1948. Tsavo Magharibi kuna chemchemi za Mzima, maji yanachujwa na mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu, ni safi ajabu, na kuna chumba chini ya maji chenye dirisha, unatazama samaki wakipita na ukibahatika kiboko akitembea chini. Maji ya hapo ndiyo yanasambazwa hadi Mombasa kwa bomba. Familia yenu ikija upande huu, karibuni.

Mzazi Barabarani

Asante jirani, chemchemi za Mzima nimeziandika pembeni.

Kwa wanaouliza malazi: sitataja nyumba za wageni za watu, ila Mikumi na Iringa zipo za kila kiwango. Pigeni simu mapema, mwishoni mwa Juni kuelekea Sabasaba watu wanakuwa wengi. Ulizeni kama familia inaruhusiwa chumba kimoja na godoro la ziada, wengi wanakubali. Mikumi na Matema hakikisheni kuna neti zisizotoboka, malaria haijui likizo. Kadi za bima za watoto muwe nazo kwenye pochi, siyo kwenye begi lililo chini ya mabegi yote.

Chakula cha njiani, pikeni nyumbani cha siku ya kwanza. Baada ya hapo kuleni cha mahali mlipo. Nyanya za Ilula mtoto azione zinavyopangwa kwenye matenga, ulanzi, ile pombe ya mianzi, atauona tu asiuonje.

Mama Watatu

Tumekaa jana na baba yao tukaweka siku saba. Kulala Mikumi mara mbili, Iringa mara tatu, kurudi tunalala Morogoro ili tusikimbizane. Rungwe tumeiacha mpaka wa mwisho akue kidogo. Swali langu la mwisho: Isimila na Kalenga tuzifanye siku moja au tuzitenganishe? Na ipi ianze?

Mzazi Barabarani

Dada, zitenganishe. Zikiwa siku moja, ya pili wataiona wakiwa wamechoka na wataikumbuka kwa uchovu tu.

Anzeni na Isimila asubuhi, saa tatu muwe pale kabla jua halijawa kali korongoni. Watakimbia, watapanda, watachafuka, wacha wachafuke. Mchana warudi walale, jioni Gangilonga. Kesho yake Kalenga, wakiwa wameoga na wametulia, kama Mnyalukolo alivyosema pale panataka adabu. Na Lugalo simameni siku ile mnayoingia Iringa, hata kwa dakika kumi, ili mkubwa wako afike Kalenga akiwa tayari ana maswali yake mwenyewe.

Mkiwa Mikumi mwambie mkubwa awe ndiye mwenye daftari la wanyama, aandike walichokiona na saa. Wa kati apewe ramani, atazame mbele kutafuta vibao, itamsaidia na lile tumbo. Wa mwisho mpeni kazi ya kuhesabu mibuyu mkishapita Mikumi mjini kuelekea Ruaha Mbuyuni. Ataishia njiani kwa sababu ni mingi kupita namba anazozijua, aanze tena.

Tairi la spea lijazwe upepo kesho, usisubiri.